Farasi Aliyekula Vikuba Siku ya Albamu Yangu

Nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka nyie, maana fedheha hii ishazunguka Maskati nzima na kila anayeisimulia anaongeza chumvi, juzi nimesikia eti farasi alinipiga teke nikaangukia biriani (uongo mtupu, biriani ilikuwa ndani). Basi isikieni kwangu mie Zuwena, niliyeimba albamu ya kantri kwa Kiswahili, na huyo farasi nilimleta mwenyewe, kwa akili zangu timamu.

Albamu yenyewe ilinitoa jasho. Asubuhi niko ofisini Al Khuwair, jioni nakwenda Wadi Kabir kwenye studio iliyo juu ya gereji, tukifika katikati ya ubeti mafundi chini wanagonga bodi la gari, tunaanza upya, tukimaliza kuanza upya wanagonga tena. Mwitikiaji wangu alikuwa Grace, Mganda anayefanya kazi nyumba ya jirani, siku yake ya mapumziko yote inaishia kwangu maana kwa kantri huyo humwambii kitu. Watu wakiniuliza, "Wee, taarab imekwisha mpaka uimbe nyimbo za wachunga ng'ombe?" nawajibu ndiyo imekwisha, haya nendeni zenu.

Sababu hasa ni baba. Marehemu baba alizipenda nyimbo hizo kupita kiasi, tukienda Nizwa kanda ni hizo hizo kwenda na kurudi, yeye anagonga usukani tu. Tangu afariki, mama akisikia gitaa la namna ile anaondoka chumbani. Nikatunga wimbo mmoja wa baba na gari yake, nikaapa mama atausikia hata iweje. Nilimbembeleza, wallahi, mpaka akachoka.

"Haya, ntakuja," akanambia. "Ntausikiliza huo mmoja. Nisipoupenda usinletee tena habari za muziki, umesikia?"

Sasa hapo ningetulia. Ilikuwa shughuli ya wanawake watupu, uani kwa shangazi, Alkhamisi baada ya alasiri, albamu iingie mtandaoni, watu wale sambusa, niimbe, kwisha. Lakini mie nikajitia ujuzi, nikaona kantri bila ya farasi haikolei. Nikampigia Ammi Nasoro, ana farasi kule Sib, nikamwambia nataka mmoja mpole wa kusimama nyuma yangu tu. Akamleta, mweupe, ana shanga shingoni, na kweli mpole. Ila ndani wageni washavua mabaibui, wamejipamba kama wako harusini, na mama kasimama getini kaziba njia.

"Mwanamme hapiti hapa."

Mie badala ya kufikiri nikachukua kamba, nikaingia na farasi, Ammi mwenyewe tukamfungia nje. Uani sasa mna farasi mmoja na wanawake tele, na hamna hata mmoja aliyewahi kumshika farasi. Na jambo jengine: mama, kwa kuniheshimu, tangu asubuhi alikuwa akifunga vikuba, vishada vya asumini na rehani mbichi, kila mgeni kabandikwa kimoja kifuani. Mie nilipewa kikubwa kuliko vyote.

Naanza wimbo wa baba, sijamaliza mstari wa pili, nasikia pumzi za moto shingoni. Farasi akanyakua kikuba changu pamoja na bega la gauni, kraa! Akatafuna polepole, akaona kitamu, akainua kichwa akatazama uani kote kulikojaa rehani. Yaarabi! Kamba ikanitoka mkononi, naye akaelekea kwa shangazi.

Wacha patimke! Shangazi (mwenye magoti mabovu, hasa!) alilivuka kochi hata sijui kwa miguu gani, watu wanagombania mabaibui, huyu kavaa la yule, na Ammi Nasoro anapiga kelele nyuma ya geti: "Msimkimbie! Mkimkimbia atawafuata! Niingie?"

"Usithubutu!" mama akamkemea. "Watu hawajajisitiri! Na huyu wako anatula vikuba vifuani!"

"Basi mtupieni hivyo vikuba!"

Grace tayari yuko juu ya meza ya juisi. "Dada Zuwena, mimi nimetupa yangu na bado ananiangalia! Sasa tufanye aje?"

Na mie? Mie sikunyamaza. Muziki ulikuwa bado unalia kwenye spika, nikajisemea leo hata akinila mie mzima, wimbo huu mama atausikia. Nikapanda kiti, bega wazi, maiki mkononi, macho kwa mama, nikaimba mpaka ubeti wa mwisho, pale ninaposema baba hakujua kuimba, alijua kugonga usukani tu. Nilipomaliza, farasi katulia na rundo la vikuba, na nje ya geti Ammi Nasoro anapiga makofi peke yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaja taratibu, baibui kalivaa ndani nje.

"Umenifedhehi, Zuwena."

Nikainama. Nikajua muziki umeniishia pale pale.

"Na wimbo wako una uongo. Babako alikuwa akijua kuimba, tena akijua sana. Akiona haya mbele yenu watoto. Mie akiniimbia jikoni, napika, mkishalala." Akafuta macho kwa upindo wa mtandio. "Kaubadilishe."

"Mama, albamu ishatoka!"

"Itoe tena. Twende wote huko studio, usije ukamzulia tena mume wangu."

Na kweli tulikwenda. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaniimbia kwanza kama baba alivyokuwa akimwimbia, kwa sauti ndogo, nami nikalia mbele ya fundi mitambo bila ya haya. Ubeti wa mwisho nikaubadilisha, ndio huo mnaousikia sasa. Ama farasi, nimetubu mbele yenu nyote: nitawaimba farasi maisha yangu yote, lakini uani kwetu haingii tena mnyama aliyemzidi paka.