Sufuria ya Sikio Moja

Mwezi uliopita nilifika Butihinda, kijijini kwetu Burundi, nikaikuta sufuria ya mama uani kwa bibi, imejaa maji, kuku watatu wanakunywa. Nilisimama kwenye tope na viatu vyangu vya kisigino kirefu, nikaitazama. Ilikuwa ile ile, yenye tako jeusi lisilosugulika na sikio moja tu la kushikia. Sikio la pili lilikatika siku tuliyorudi kutoka Tanzania, lori lilipoingia shimoni na magunia ya watu yakaiangukia mizigo yetu. Wifi yangu, anayeishi kwenye nyumba ile siku hizi, akaniambia kama naitaka niichukue tu, kuku atawatafutia beseni. Alidhani natafuta chuma chakavu. Hajui kwamba keki zote ninazouza mjini Gitega zimetoka mle.

Keti nikusimulie, maana wengi wananiona leo wanadhani nilianzia hapa nilipo. Wanaliona jiko langu la umeme la milango miwili, wanaiona diploma yangu ya mapishi ndani ya fremu, ukutani, chini ya saa. Niliitundika hapo makusudi, kwa sababu kila mteja huangalia saa. Watu wa Ryansoro, nje ya mji, hunijia mimi kuagiza keki za harusi, na njiani wanawapita waokaji wengine wawili. Sijawahi kurudishiwa keki hata moja. Sijisifu, nasema mambo yalivyo. Diploma hiyo sikuletewa na mjomba. Niliipata kwa Kifaransa, mimi niliyeingia nchi hii nikiwa sijui hata kuomba chumvi kwa Kirundi.

Nilizaliwa Tabora, mjini. Baba na mama walikimbilia huko wakiwa vijana, na sisi watoto tulikua na Kiswahili cha mtaani na cha shule. Kirundi kilikuwa lugha ya wazazi wanapogombana, wakitaka tusielewe, kwa hiyo maneno machache niliyoyajua yalikuwa ya ugomvi. Mama alijifunza kuoka kwa mama mwenye nyumba wetu, mwanamke mnene aliyekuwa na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Hawakuwa na jiko la kuokea. Walitia mchanga kwenye sufuria kubwa, wakaupasha mpaka ukidondoshea tone la maji linaruka, wakaweka ndani yake sufuria ndogo yenye keki, wakafunika, kisha wakapanga makaa juu ya kifuniko. Harufu ikianza kutoka, watoto wa nyumba nne tulikuwa tumeshazunguka pale. Mama alikuwa na onyo lake moja: "Atakayefunua kabla sijasema, ataila mbichi peke yake." Nami leo nawaambia hivyo hivyo wasichana wangu wa Gitega, ingawa jiko langu lina kioo na kila kitu kinaonekana.

Amani ilipotulia, baba alitangulia kurudi Butihinda, akajenga karibu na nyumba ya mama yake ambaye hakuwahi kuondoka, kisha akatuita. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Siku tuliyofika nilikwenda mbele ya bibi nikapiga goti kama nilivyofundishwa, nikamwambia, "Shikamoo bibi." Alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayekagua ndizi sokoni, akamwambia baba neno kwa Kirundi. Nilimuuliza baba amesema nini. Baba alicheka, akanitafsiria kwamba bibi anasema, umeniletea mgeni.

Neno hilo lilinikaa. Mgeni nyumbani kwa baba yangu. Shuleni ilikuwa vile vile. Tabora nilikuwa wa pili darasani, hapa waliniketisha na watoto wadogo ambao magoti yao hayakufika mezani, kwa kuwa sikujua Kirundi cha kuandika wala Kifaransa. Na jirani mmoja, mama aliyelima upande wa pili wa migomba yetu, alikuwa akisema waziwazi kisimani kwamba hawa Watanzania wamezoea kununua kila kitu, jembe litawashinda, kabla ya maharage kukomaa watakuwa wamerudi kwao. Mama aliyasikia yote. Usiku akila nilimwona anatafuna polepole, na nilijua kuna kitu anakipanga.

Alikuwa anapanga keki. Desturi ya pale, waliorudi hutembelewa. Jumapili moja majirani wangekuja baada ya kanisa na vibuyu vya pombe ya ndizi, na maharage, na viazi, kutukaribisha. Mama alisema hatawapokea mikono mitupu. Watakula kitu kilichotoka mkononi mwake, waone kwamba nyumba hii ina mwanamke na haina safari. Bibi alisema keki ni vitu vya mjini. Mama akasema, "Mabukwe," yaani mama mkwe, "ngoja Jumapili," na tukaenda Muyinga, kila mmoja nyuma ya baiskeli yake ya kukodi.

Mji wa Muyinga niliupenda siku ile kuliko mahali popote Burundi, kwa sababu ya duka moja tu. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mwenye kofia ya kufuma, na aliongea Kiswahili. Kilikuwa kimepinda kidogo, lakini kilikuwa changu. "Mama, farini iko, sukari iko, levire iko. We unataka nini tena?" Levire ndiyo kitu cha kuumua keki, na farini ni unga wa ngano. Mama akamwambia, "Naomba na siagi." "Na siagi iko. Mi najua weye ni wa Tanzania, unasema naomba kwa kila kitu." Tulicheka wote watatu. Mama alitoa karibu fedha yote aliyokuwa nayo, na hakukuwa na nyingine ya kurudia.

Kilichobaki ni mayai. Bibi alikuwa na mtetea mmoja, na alikuwa amemwekea mayai sita ayaatamie. Jumamosi jioni, bila kuombwa, aliyaleta ndani ya kikapu chenye majani, akayaweka mbele ya mama. Mama alitaka kukataa. Bibi akamwambia vifaranga vitakuja vingine, wageni wanakuja kesho.

Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, mchanga ulikuwa tayari jikoni, tulioufuata kijitoni. Mama alisugua siagi kwenye unga na sukari na levire kwa ncha za vidole mpaka vikawa kama chenga, kisha akatoka kwenda kuomba makaa zaidi. Nikabaki na bibi. Sasa unijue nilivyokuwa: wiki nzima nilikuwa nimejitapa mbele ya wadogo zangu kwamba Kirundi nimekimaliza, na hesabu naijua mpaka kumi. Bibi alitazama beseni, akatazama jua, akaona tunachelewa. Akaniambia, "Shiramwo amagi yose, uko ari atandatu."

Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye lugha yake: "Ego," yaani ndiyo.

Shiramwo nilijua ni tia. Atandatu ni sita. Na amagi, ukimsikia Mrundi akilitamka, linateleza kabisa kuwa amaji. Tia maji, vikombe sita. Nikachukua kikombe cha bati, nikachota kwenye mtungi, nikamimina. Cha kwanza, cha pili, huku nikihesabu kwa Kirundi ili bibi asikie. Bibi alikuwa amenipa mgongo, anachochea moto. Alipogeuka nilikuwa kwenye cha sita, na keki ya mama ilikuwa uji.

Hakupiga kelele. Aliinua kikapu, akatoa yai moja, akaliweka kwenye kiganja changu, akavifumba vidole vyangu juu yake. "Amagi," akasema. Ndipo nikaelewa: alitaka nitie mayai, yote sita. Yai na maji, nilichokuwa nacho mkononi na nilichokuwa nimemwaga. Mama akaingia na makaa yake. Aliangalia beseni, akaniangalia mimi, akaweka makaa chini kwa utaratibu sana. Kutoka nje tukasikia majirani wanaanza kuingia uani, na sauti ya kwanza ilikuwa ya yule mama wa upande wa pili wa migomba.

Nimesoma chuo, nimefundishwa na watu waliofundishwa Ulaya, lakini sijaona mpishi akifanya alichofanya mama yangu dakika ile. Aliifuta mikono. Akapasua mayai yote sita ndani ya ule uji, akapiga kwa nguvu mpaka ukatoa povu. Akaipua sufuria ya mchanga, akaweka kikaango, akapaka mafuta, akamimina upawa mmoja, akazungusha. Akaniambia kwa Kiswahili, bila kunitazama, "Umetutoa kwenye keki, umetuingiza kwenye chapati za maji. Leta sahani."

Zilitoka laini, tamu, za rangi ya dhahabu, na ile levire ilizitoboa vitundu kama sega la nyuki. Majirani walikula ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa kupenda, ya tatu wakilamba vidole. Yule mama wa migomba akauliza vinaitwaje vitu hivi. Mdogo wangu, mropokaji, akasema ni chapati za maji, dada alikosea akamwaga maji. Baba ilibidi atafsiri. Yule mama akacheka mpaka akashika tumbo, akasema ndiyo hayo, Watanzania wanapika maji, maharage yakikomaa tutawatafuta hapa tusiwaone.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, anatafuna. Akamaliza kwanza. Kisha akasema, na baba akatutafsiria neno kwa neno: "Maji yamepikwa na mjukuu wangu. Umekula manne. Ukitaka la tano, muombe yeye." Mjukuu wangu, si mgeni. Uani kote wakaangua kicheko, na yule mama, namsifu kwa hilo, akaninyooshea sahani kwa mikono miwili akaomba. Maharage yalipokomaa tulivuna pamoja.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi bibi alinifundisha Kirundi jikoni, kitu kimoja baada ya kingine, unga, chumvi, asali, jivu. Naye akachukua neno moja la Kiswahili, moja tu, akakataa mengine yote. Akitaka kunichokoza mbele ya watu aliniambia, "Maji," nami nilimletea kikombe huku naona haya. Hakuna mwingine aliyeambiwa neno hilo. Mimi nilipanda madarasa, nikawapita waliokuwa wananicheka, nikaenda Gitega, nikapata ile diploma, na yai sasa nalijua kwa lugha tatu.

Mara ya mwisho kumwona bibi nilimpelekea keki ya ghorofa tatu. Sikuwa nimealikwa kwenye sherehe yoyote, nilitaka tu aione. Alikuwa amelala, amekuwa mwepesi kama mtoto. Nilimlisha kwa kijiko, nikangoja. Sifa za watu nimezipata nyingi, lakini ya kwake ndiyo niliyoifuata safari nzima ile. Alitafuna, akameza, akafumba macho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maji."

Niliinuka mara moja. Nikaingia jikoni, nikatafuta kikapu, nikachemsha yai, nikalimenya vizuri, nikalileta kwenye sahani na chumvi pembeni.

Bibi alilitazama yai. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka, kile kicheko chake kisicho na sauti cha kutikisa mabega, mpaka machozi yakamtoka, na mimi sijui anacheka nini. Halafu nikajua: alisema maji, mimi nikasikia amagi. Akanishika kidevu kama siku ile ya kwanza, akasema kwa Kirundi, na safari hii hakuna aliyenitafsiria: "Mgeni wangu, sasa umerudi."

Nilimletea maji yake, akanywa. Keki yangu hakuisemea neno hadi anatutoka, na sijapata sifa kubwa kuliko ile.

Sasa hayupo, na mkeka wake haupo. Na yule msichana wa Tabora, aliyesikia maji kila alipoambiwa amagi, naye hayupo tena. Nimemtafuta masikioni mwangu, simpati. Mama ninaishi naye Gitega, na hata yeye siku hizi ananiagiza sokoni kwa Kirundi.

Wifi aliniuliza tena kama naichukua sufuria. Nikamwambia aiache hapo hapo, kuku wasikose maji. Kando yake, kwenye majani, mmoja alikuwa ametaga. Nililiokota lile yai, lingali na joto, nikalifunga kwenye leso na kuondoka nalo hadi Gitega.