Recruiter alipenda ramani yangu ya mashimo ya Kasulo

Wakuu, salamu kwenu bote. Hii ni mambo yangu mwenyewe, siongezi chumvi hata kidogo. Mutanisamehe Kiswahili cha Kolwezi, njo kile nilikulia nacho.

Mi ni developer. Nilijifunza peke yangu, kwanza na telefone, kiisha na laptop ya mitumba. Mwaka muzima nilituma CV mpaka nikachoka. Hakuna hata mutu mumoja alijibu.

Batu ba mu internet bakasema: acha kuomba, weka kazi yako fasi itaonekana, recruiter atakutafuta mwenyewe.

Sawa. Lakini nionyeshe nini? To-do list? Kila mutu iko nayo.

Nilikuwa na kitu kimoja cha kweli. Mi nakaa Kasulo, mutaa mumoja wa Kolwezi. Huku batu balichimba madini ya cobalt chini ya nyumba zabo, mu sebule, mu jikoni, nyuma ya choo. Mvua ikinyesha, shimo yenye balifunika na mabati inafunguka. Njo nikatengeneza ramani, familia zijue batoto basipite wapi.

Mama Béa, jirani yetu, njo alinizungusha parseli kwa parseli, kila kiwanja na nyumba yake. Bila yeye hakuna mutu angenifungulia mulango. Shimo yake iko chini ya kitanda, na bwana yake, ule bote tunamuita Tata, anashuka mule mpaka leo.

Akaniambia, "Andika, mutoto yangu. Lakini ibakie hapa kwetu."

Nikajibu, "Ndiyo, Mama."

Kiisha miezi mitatu nikaiweka public. Majina ya batu niliyafuta, nikajiona mwerevu. Points za GPS niliziacha, juu bila points ramani ingekuwa tupu. Link niliipeleka kila fasi, hata hapa jukwaani. Bengine munakumbuka.

Na kweli, wiki haikuisha, recruiter akaniandikia. Kazi ya kudumu, laptop mpya, matunzo ya hospitali kwa familia. Mama yangu alisoma ile message mara mbili, akalia.

Interview ilikuwa ya video. Bwana mumoja, mupole, Kifaransa safi. Juu ya code hakuuliza kitu.

Aliuliza, "Points hizi ni za kweli?"

Nikasema ndiyo, na kiburi kabisa.

"Ni wapi watu bado wanashuka?"

Hapo njo nikauliza kampuni yabo inafanya nini. Akasema, "Usalama wa machimbo."

Wakuu, huku kwetu usalama wa machimbo njo bale banakamata na kufukuza batu banachimba bila ruhusa. Hao batu bakija na points zangu, habataulizia njia. Banaenda moja kwa moja ku kitanda ya Mama Béa.

Nikamuambia data si yangu, nikakata. Nikakimbilia repo, ile fasi ya internet yenye niliweka ramani, niifute. Mbele ya kubonyeza delete nikaona kitu sikuangalia hata siku moja: mutu alishafanya fork. Ni kusema alijichukulia kopi yake, na hiyo mi siwezi kuifuta. Account haina picha, haina jina.

Nilienda kwa Mama Béa nikamuelezea yote. Alikuwa anachagua maharage. Hakunitukana, na heri angenitukana.

"Kazi, bamekupa?"

"Hapana, Mama."

Akarudi ku maharage. "Tata iko chini. Ungoje apande, umuambie weye mwenyewe."

Nikangoja pale ku ukingo wa shimo, nikisikia nyundo yake. Alipanda na vumbi mu nyusi, akanisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza neno moja tu: ule mwenye kuchukua kopi ni nani?

Nikamuonyesha ku telefone ile account bila jina. Tangu siku ile, gari ikisimama mu avenue yetu, nyumba zote zinanyamaza. Mi naogopa kuliko bote.

Kujionyesha kunaleta recruiter, sibishi. Lakini uangalie kwanza kitu unaonyesha ni ya nani. Mwenye yalimukuta kama haya aandike hapa chini, nitasoma kila neno.

Na kama ule wa fork ni mumoja wenu, ulichukua kwa kujifunza tu, tafazali niandikie. Sitakasirika. Nataka nipate cha kumujibu Tata.