Firigisi ya Mzee Mulongo

Muhonja wa Kware, Nairobi, huuza kuku wa kienyeji kwenye varanda yake ya ghorofa ya kwanza, mahali ambapo jua hufika kwa miadi. Kuku hao hutoka kwa ushirika wa kijijini kwao Vihiga. Majirani waliuanzisha baada ya ugonjwa wa kideri kufagia mabanda yote, hadi jogoo wa redioni akiwika watu wanatoka nje kutazama. Sasa mabanda yamejaa tena. Kilichokosekana ni mnunuzi mkubwa Nairobi.

Muhonja alimpata: Muriuki, mwenye hoteli upande wa Pipeline, mtu wa kukagua kuku kama anayemtafutia mwanawe mke. Alichagua jogoo mmoja mwekundu, akasema Jumamosi mchana atakuja kumchukua akampike. Akimpenda, ataagiza kila wiki.

Jumamosi yenyewe, asubuhi, akatokea mzee Mulongo, mwenyekiti wa ushirika, bila hata kupiga simu. Alikuja kuona kama hili soko la Nairobi lina maana au waachane nalo. Kuku wengine walikuwa wameisha. Amebaki yule mwekundu tu. Mtu mwingine angekimbilia matumbo ya buchani. Lakini Muhonja alilelewa nyumba ambamo mgeni haondoki bila kuchinjiwa, na kumwekea mwenyekiti sukuma wiki ni kumtukana yeye na ukoo wake. Akachinja. Yaani alichinja biashara kwa mkono wake mwenyewe, akaitia na kitunguu.

Muriuki akafika sahani ndiyo inawekwa mezani. Alipoelezwa jogoo wake yuko wapi, alivuta kiti, akasema basi atamwonja papo hapo. Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye firigisi. Kwa kina Muhonja, hiyo ni ya mzee wa heshima. Hata mtoto wa kutambaa anajua. Muriuki, mtu wa Nyeri, akaitafuna polepole. Muhonja alitamani sakafu ipasuke aangukie kwa kinyozi wa chini.

Mulongo akaweka ugali chini. "Kijana, unajua umekula nini?"

"Firigisi, mzee. Tamu ajabu."

"Kwetu anayekula hiyo ndiye mwenye boma. Hawa kuku wakikosa soko, kina mama wa ushirika watakuja kukuuliza wewe."

Muriuki akatazama sahani, akamtazama Muhonja. "Mathe, nileteeni ishirini kila Ijumaa. Na firigisi zikuwe ndani."

Muhonja akampa mzee paja, la kumfuta machozi. Siku hizi Mulongo akija Kware, kabla ya salamu huuliza kama Muriuki yuko karibu.