Nilivyoteremka Mjini Kutafuta Betri ya Tochi ya Zuhura

Ndugu yangu, haya nakuandikia wewe kwenye simu kwa sababu najua ukiambiwa jambo unalifuata mpaka mwisho. Mwezi uliopita niliteremka Morogoro mjini, na sikwenda harusini wala msibani. Nilikwenda kutafuta betri ya tochi.

Sababu ni binti yangu Zuhura. Sisi huku juu ya Kinole, siku ya gulio tunatoka nyumbani giza bado liko, ndizi na pilipili manga kichwani, tunashuka kwa mstari mmoja mpaka barabarani. Zuhura ndiye anayetangulia, mtoto wake mgongoni. Sasa siku moja, betri yake ya akiba, hizi nene za kuchaji, ikapata moto kiunoni mwake. Tukaona kanga inafuka moshi. Tukaivuta, tukammwagia maji. Mtoto hakuguswa, alhamdulillah, lakini Zuhura alibaki na kidonda ubavuni.

Tangu hapo tochi hataki kuiona. Akawa anatangulia gizani hivyo hivyo, na mvua zimeshaanza, na pale kwenye mwamba wa kijito hata mchana watu wanateleza. Nilipomsema alinijibu, "Njia naijua kwa nyayo, mama." Na mtoto mgongoni je, naye anaijua kwa nyayo? Nikaona kubishana hakusaidii. Betri zilinunuliwa mbili, moja iliungua, moja ilibaki. Ile iliyobaki nikaizungushia kitambaa kikavu, nikachukua na tochi yenyewe.

Alfajiri, baada ya swala, nikapanda bodaboda ya Hamisi, jirani yetu, mpaka Mkuyuni.

"Yaani nauli yote hii kwa ajili ya betri?" akaniuliza. "Si ungeniagiza mimi, mama Zuhura?"

"Nikikuagiza wewe utaniletea yenye rangi nzuri."

Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Kwani rangi nzuri ina ubaya gani?"

Mkuyuni nikapata gari la mjini. Mafenesi yamepangwa kando ya barabara, ukungu bado umekalia mlima, mimi mkoba wangu nimeupakata. Njia nzima nilikuwa namuomba Mungu kitu kimoja tu, nisirudi na kitu kitakachomchoma mtoto mara ya pili.

Saa nne hivi nikaingia mjini. Kwanza nilipita kwa mzee Shomari, anayenunua viungo karibu na soko, nimuuzie iliki yangu ndiyo nipate hela ya betri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umeleta iliki au umeleta maneno?"

"Nimeleta vyote."

Akapima iliki kwenye ule mzani wake mdogo, akanilipa, nikatoka. Nje tu nikakutana na kijana ana sinia la betri, nyekundu kama zile za Zuhura, na namba ile ile ubavuni.

"Mama chukua hii, imeandikwa elfu tisa mia tisa, inawaka mpaka uichoke mwenyewe."

"Mwanangu alikuwa nayo kama hiyo, ikamchoma."

"Ile ya zamani. Hizi toleo jipya."

Bei yake ilikuwa ndogo sana. Sikufichi, mkono ulishaingia mkobani. Nikakumbuka kidonda cha Zuhura, nikautoa mtupu.

Mtaa wa pili nikaona duka la tochi na vifaa vya sola. Mwenye duka ni dada mmoja anaitwa Salma. Akaniamkia, akanipa kiti, akaipokea betri yangu na kuisoma. Nikamweleza yaliyompata Zuhura, na kwamba nimetoka kupimiwa iliki kwa mzee Shomari.

"Mama, hii namba ni kusema inabeba umeme kiasi gani. Betri ya umbo hili, hata itengenezwe vizuri vipi, inaishia kama elfu tatu na mia tano. Anayeandika elfu tisa anaandika tu." Akatoa ya kwake, imeandikwa elfu mbili na mia sita. Kwa bei yake ningepata tatu za kwenye sinia.

"Kwa hiyo nikulipe zaidi kwa namba ndogo?"

"Ndiyo. Na usiniamini kwa mdomo. Umesema umetoka kwenye mzani, rudi kapime zote mbili."

Nikamwachia tochi yangu iwe dhamana, nikarudi kwa mzee Shomari.

"Haya, na hivi ni viungo gani?" akauliza. Akaweka ya Salma, mzani ukasoma gramu arobaini na tano na kidogo. Akaweka ya kwetu. Haikufika hata thelathini. Mzee akaigeuzageuza kiganjani, akasema, "Mama, hii mapepe."

Kwa sisi wauza pilipili hapo hakuna la kueleza. Mapepe ni punje tupu, kwa nje imejaa, kwa ndani hamna kitu.

Nilirudi kwa Salma nikiwa nimeshakata shauri, lakini mwenyewe akanizuia. "Uzito peke yake hautoshi, kuna wanaojaza mchanga. Angalia na ngozi ya nje isiwe imechanika. Nunua penye duka, upewe risiti, ikikusumbua uirudishe. Na uchukue yenye kinga, ambayo ikiguswa vibaya inakata umeme yenyewe. Tatizo lake hizo ni ndefu kidogo." Kweli, ya kwanza tuliyoitia, kifuniko cha tochi kilikataa kufunga. Ya pili ikakaa. Kumbe ningeiacha tochi nyumbani ningerudi na betri isiyoingia.

Wakati anaandika risiti akauliza, "Hiyo iliyomchoma dada ilikuwa wapi?"

"Kwenye pindo la kanga."

"Peke yake?"

"Na chenji ya gulio, na ufunguo."

Kalamu ikasimama. "Mama, sarafu ndizo zilizoichoma. Zikigusa juu na chini kwa pamoja, umeme unapita huko huko, betri inachemka. Ile mbovu haina kinga, ikawaka. Lakini hata hii yangu nzuri, ukiifunga na sarafu mimi sikuhakikishii." Akanipa kiboksi cha plastiki cha kuiwekea, na chaja inayokata yenyewe ikijaa. Ile mapepe nikamwachia, maana hata kuitupa jalalani hakufai.

Huku kwetu pindo la kanga ndiyo pochi, ndiyo kabati, kila mwanamke anafunga humo. Wangapi tulikuwa tunashuka mlima na moto kiunoni?

Nikaswali adhuhuri msikiti wa jirani, nikapanda gari kurudi. Magharibi ilinikuta mlangoni.

Zuhura aliitazama betri kwa mbali. "Mama, mimi siishiki."

Sikumbembeleza. Kesho yake mchana niliichaji ukumbini, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mkeka na magodoro, nikakaa pembeni nachambua mchele mpaka taa ya chaja ikageuka kijani. Nikaichomoa. Yeye alikuwa anapitapita, anajifanya anatafuta ufagio. Mara ya tatu akaigusa kwa kidole. Ilikuwa vuguvugu tu. Nikamweleza habari ya sarafu. Akafungua pindo lake, akazitazama sarafu zake moja moja.

Siku ya gulio nikashika tochi mimi, nikatangulia, na goti langu hili bovu. Nyuma wenzetu wanalalamika mstari umekuwa kama wa mazishi. Pale kwenye mwamba wa kijito nikasimama, namulika nitakapoweka mguu, naweka, nautoa. Nikasikia Zuhura nyuma yangu.

"Mama, lete hiyo tochi. Unatembea kama mgeni."

Nikampa. Akavuka mwamba, akageuka, akatumulikia mmoja mmoja mpaka tukavuka wote. Mtoto mgongoni amelala.

Basi, ndugu yangu, kabla hujaiweka simu chini, msomee haya mama yeyote unayemjua anayetembea na tochi. Mwambie na kuhusu pindo la kanga, hilo ndilo la kwanza.