Kalenda ya Miaka Minne

Mpango wenyewe niliuandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha, ile kubwa ya karatasi nzito ambayo maduka ya mbegu na mbolea huwapa wateja wake. Niligawa mgongo wake mweupe katika visanduku vinne, kila kisanduku mwaka mmoja wa chuo kikuu. Mwaka wa kwanza: kalkulasi, aljebra, misingi ya uchumi. Wa pili: takwimu. Wa tatu niliuzungushia wino mwekundu, kwa kuwa hapo ndipo hesabu na uchumi vingekutana, na fomula zingeanza kuzungumza juu ya watu. Wa nne niliuacha nusu wazi. Sikujua nitakuwa nani nikifika huko, na kutojua huko kulinipa furaha ambayo sijaipata tena.

Tuliishi Kitale, mimi na mama, katika shamba ambalo jamaa zake walilihamia kutoka Kenya ya kati kabla hajazaliwa. Msimu ule mahindi yalikuwa yamejaa kila ghala. Malori yalikaa kwenye foleni siku nyingi, na mvua ikinyesha wakulima walivua makoti yao wakayafunika magunia, wao wenyewe wakabaki wakilowa. Mwaka wa njaa walikuwa wamelia. Mwaka wa shibe walilia vilevile. Nilitaka mtu anieleze kwa nini, na asinieleze kwa methali.

Baba alikuwa amefia mbali, kwenye kazi ya ujenzi, nikiwa darasa la tano. Kwao ni Chwele, upande wa Bungoma, na kwao baba akifa kaka yake mkubwa huchukua sauti yake. Shamba, mahari, shule: hakuna linaloamuliwa mpaka lifike kwake. Kwa hiyo matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mama alinunua sukari na majani chai, nikakunja kalenda yangu, tukaenda kwa baba mkubwa.

Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Ni yeye aliyenifundisha kugawanya, kwa punje za mahindi, juu ya meza ileile ambapo sasa aliikunjua kalenda. Alibana pembe zake kwa vikombe, akavaa miwani iliyoshikwa kwa uzi.

"Hii ni mpango ya shule ama ni ramani ya kwenda mbinguni?"

Mama alicheka. Nami nikacheka.

"Ukimaliza hii yote unaitwa nani, mama?" Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yao.

"Mwanauchumi, Baba."

"Mwanauchumi! Si ata huyu mama yako ni mwanauchumi? Anauza viazi tangu tumjue, na hajawai zungushia kiazi wino nyekundu."

"Mwalimu, wacha mtoto aseme, bana," mama alisema.

Nikasema. Nilisema juu ya malori na makoti, na juu ya kisanduku cha tatu. Alinisikiliza amefumba macho. Kisha akaniuliza pointi zangu, akaziandika kwenye pembe ya kalenda, na chini yake akaandika pointi za mwisho ambazo kozi ile ilikuwa imechukua mwaka uliotangulia. Zangu zilizidi kwa unywele.

"Nimepita," nilisema.

"Umepita ya mwaka jana. Ya mwaka huu nani anaijua?" Alivua miwani. "Chaguo la kwanza ni mguu wa kusimamia. Weka ualimu wa hesabu hapo. Hii yako iende ya pili."

Ndivyo watu wetu wanavyochagua. Mbele wanaweka kile ambacho hakiwezi kuwakosa, na kile wanachokitaka wanakificha nyuma, kama mtu anayetembea sokoni na noti ndani ya soksi. Nilijua kwamba baba mkubwa alikosea. Sikujua namna ya kumwambia hivyo mtu aliyenifundisha kugawanya.

Kwenye saiba ya Chwele, kibanda cha intaneti pembeni ya wauza kuku, msichana mwenye simu shingoni alitufungulia ukurasa wa kuomba vyuo.

"Sasa. Namba ya kozi ya kwanza?"

Nikamtajia yangu. Nilimwona akiiandika. Ilikaa pale juu kwenye kioo, tarakimu chache tu. Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni akisalimia watu, hakuona. Mama aliona. Aliweka mkono begani mwangu, mkono unaonuka udongo wa viazi siku zote.

"Weka kwanza ile ya Mwalimu," aliniambia polepole. "Tusirudi nyumbani mikono mitupu."

"Badilisha," nikamwambia msichana.

"Siz, uko sure? Nikituma nimetuma."

"Badilisha."

Nikapata ualimu. Baba mkubwa alichinja jogoo, akaomba tumwachie kalenda aitundike ukutani, ili wageni waone nilivyo na kichwa. Tukamwachia.

Wiki kadhaa baadaye nilienda shuleni kuchukua cheti. Kwenye ubao wa matangazo ilikuwa imebandikwa orodha ya pointi za mwisho za kila kozi, za mwaka ule. Nilitafuta yangu kwa kidole. Mwaka ule ilikuwa imechukua pointi za chini kuliko mwaka uliotangulia, chini kabisa ya zangu. Karani aliniona nimesimama pale muda mrefu. Akaniambia kwamba kulikuwa na juma moja la kuomba kuhama kozi, lakini lilikwisha Ijumaa iliyopita. "Ulikuwa wapi?" akaniuliza, na hakuniuliza kwa ubaya.

Kesho yake nilienda Chwele peke yangu. Baba mkubwa alikuwa ukumbini akipukuchua mahindi. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, kalenda yangu, visanduku vinne vikitazama chumba. Nilisogea kuisoma. Kwenye pembe, chini ya zile namba mbili alizoandika siku ile, kulikuwa na namba ya tatu, kwa penseli, kwa mkono wake nadhifu wa ubaoni.

Ilikuwa ileile niliyoiona shuleni.

"Uliandika lini hii, Baba?"

Aliendelea kupukuchua.

"Siku ile zilitoka. Mwalimu mwenzangu alinionyesha kwa simu."

"Na juma la kuhama?"

"Nililijua."

Punje zilikuwa zikianguka ndani ya beseni. Nilingoja aseme amesahau. Nilikuwa tayari kumsamehe kama angesema amesahau.

"Baba yako pia alitaka mbali," alisema mwishowe. "Nilimwandikia barua ya kazi mimi mwenyewe, kwa hii mkono. Akarudi ndani ya sanduku. Mwalimu hurudi nyumbani, mama. Hii yako ya visanduku ingekupeleka, na mimi sina ndugu mwingine wa kuzika."

Sasa nafundisha huko Naitiri, si mbali na nyumbani, na ninaporudi nyumbani jioni na chaki kwenye mikono nakumbuka kwamba alisema kweli: nimerudi. Lakini siku ile nilimtazama tu, mzee aliyeijua hesabu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, akalitafuta jibu, akalipata, akaliandika, akakaa nalo kimya mpaka Ijumaa ikapita.

"Keti," aliniambia. "Chai inakuja."

Nikaketi. Nilivuta beseni karibu, nikachukua gunzi, nikaanza kumsaidia kupukuchua.