Joka la Tambwe Halikuwa Mukubwa wa Inchi

Mumenichosha. Tangu watu waruhusiwe kufungua midomo, kila juma kuna mutu anakuja kukalia kiti changu, anakunywa chai yangu, halafu anasema: "Mama, utuelezee namna Tambwe alimutukana Mukubwa wa inchi mbele ya stesheni nzima." Mimi nina mukono wenye kuuma, na herufi zangu nilizipata ukubwani, moja moja, kama mutu anayeokota muchele kwenye muchanga. Sikuwa na haja ya kuandika. Lakini Matata anazunguka karitie, mutaa wetu wote, akiieleza habari hii vibaya, na sauti yake imenitosha. Basi naandika mara moja, na musinirudie. Tambwe hakumutukana mutu. Muweke hilo kichwani kabla hamujaendelea.

Tambwe Amuri alikuwa mutu wa reli. Kampani ilimupeleka kwenye kituo kidogo katikati ya pori, njia ya Kibombo, fasi reli moja inagawanyika kuwa mbili ili treni moja ingoje nyingine ipite. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia. Mukubwa wake wa kazi alimuambia, "Chunga hapa miezi miwili, tutakutumia mwingine." Akaachiwa bendera mbili, taa, kibanda cha matofali, na chuma kirefu cha kugeuzia reli. Miezi miwili ile ikawa miaka kumi na moja.

Hesabuni wenyewe. Mutu aliyeingia pale na ndevu nyeusi alitoka na ndevu nyeupe.

Muke wake alivumilia misimu miwili ya mvua. Siku moja alipanda treni kwenda kumuzika shangazi yake Kindu, na kumbe shangazi alikuwa muzima anauza mawese sokoni. Hakurudi. Tambwe hakuweza kumufuata. Angeondoka, treni zikakutana uso kwa uso, nani angejibu? Alituma barua kwa madereva, wengine walizipeleka, wengine walizifungia tumbako. Na treni zenyewe zilikuwa zinapungua: kila siku mbili, kisha kila juma, kisha mwezi, kisha wakati inapojisikia kupita.

Kulikuwa na kijiji, mwendo wa saa moja kwa miguu. Unafikiri walikuwa wanamutembelea? Walimuogopa. Walimuona mutu anaikala peke yake na chuma kirefu, anasema na reli, basi wakaamua ni muchawi. Mama wa kule waliwaambia watoto wao kwamba yule anakamata watoto, anawatia kwenye tumbo la treni ili ipate nguvu. Akienda kutafuta chumvi, milango inafungwa. Mutu aliyekuwa analilia mutu wa kusalimiana naye tu.

Sasa Matata. Matata njo yule muchuuzi wa vitenge na tochi, anayefanya njia ya Kampene, mutu wa maneno mengi. Mwaka mumoja alipanda treni ya Kibombo, ikaharibikia palepale kwa Tambwe. Siku tatu alilala kwenye kibanda na kula wali wa Tambwe. Wakati wa kuondoka akamutolea kitu alichokitoa Bujumbura, kitu cha plastiki, ukubwa wa kipande cha sabuni, kina kioo cha kijivu na vifungo viwili vya kubonyeza. Ndani ya kioo kulikuwa na vivuli vyeusi: mutu mudogo mwenye upanga, pango, na ndani ya pango joka limelalia dhahabu, linatema moto. Kilikuwa kinatumia betri ndogo ya mviringo, ya saa.

"Chukua, yaya," Matata alisema, akimuita kaka mukubwa. "Ni muchezo wa Wajapani. Kule Kampene hakuna anayeutaka, wanataka tochi. Unamuua joka, unapata namba."

"Na nikiisha kumuua?"

"Anarudi. Unamuua tena."

"Sasa nimuue kwa nini, kama anarudi?"

"Yaya, ni muchezo. Haiko kesi ya tribinali."

Mara ya kwanza Tambwe alicheza kama kila mutu angecheza. Aliua joka mpaka kidole kikaota sugu. Kisha asubuhi moja alisikia reli inalia kwa mbali. Akaweka kitu kile juu ya meza, akatoka na bendera. Alisimama muda murefu. Hakuna treni iliyokuja, chuma kilikuwa kinapanuka kwa jua tu. Aliporudi akatazama kioo, akafikiri yule mutu mudogo ameisha kuungua. Hakuungua. Alikuwa palepale alipoachwa, kwenye mulango wa pango, upanga chini. Na joka halikuwa limemufanya kitu. Lilikuwa linatembea hatua tatu, linageuka, linatembea hatua tatu, linageuka.

Tambwe akavuta kiti. Alibonyeza kifungo, mutu mudogo akainua upanga, joka likatema moto. Akamurudisha nyuma, moto ukakoma. Alifanya hivyo mara tano, sita. Kila mara njo vile. Joka lilikuwa halimushambulii mutu. Lilikuwa linaogopa upanga.

Kutoka siku ile hakulipiga tena. Kila siku, baada ya sala ya alasiri, aliwasha muchezo, akamusimamisha mutu mudogo mulangoni, akamuacha. Joka hatua tatu huku, hatua tatu kule. Yeye mwenyewe chai mukononi. Walikaa hivyo, wote watatu, mpaka jua linashuka. Aliniambia zilikuwa saa nzuri kuliko zote alizopata kule. Mimi sitawacheka watu watatu hao, na weye usiwacheke.

Mwaka wa themanini na tano dereva mumoja alimutupia barua bila kusimamisha treni: kituo kimefungwa, rudi Kindu. Hakuna asante ndani.

Alirudi muji ambao haumujui. Mwili ulikuwa umezoea reli, basi kila siku alikwenda kukaa stesheni. Munajua stesheni yetu wakati ule. Watu walikuwa wanangoja treni siku nne, siku sita, juu ya mizigo, wanapika palepale, wanazaa palepale. Pélagie, yule mujane wa vitumbua, jina lake la karatasi lilikuwa lingine, la authenticité, ile amri ya kuacha majina ya kizungu, lakini kila mutu alimuita Pélagie, alimuwekea kigoda karibu na moto wake. Na siku moja Tambwe akaanza kumusimulia habari ya joka. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, kama mulango usiofunguliwa. Alisema hivi.

"Joka hakuwa mwenye dhahabu. Alikuwepo mwenye dhahabu, akamuambia joka, chunga hapa, nitarudi. Akaenda. Joka hali dhahabu, hanywi dhahabu. Anachunga tu, kwa sababu aliambiwa. Watu wakasikia kuna mali. Wakaja. Wote walikuja na panga. Hakuna hata mumoja aliyemusalimia. Na ule moto wake wanauona hasira. Haiko hasira. Ni sauti. Mutu akinyamaza miaka mingi, siku akifungua mudomo, sauti inatoka vibaya."

Pélagie aliacha kugeuza vitumbua, vikaungua. Wasafiri walianza kusogea. Matata alikuwepo, na vitenge vyake begani.

"Yaya Tambwe," akasema, "na ule joka, anavaaka kofia?"

"Kofia gani?"

"Ya ngozi ya chui."

Tambwe alifikiri vizuri. Alikuwa anataka kumujibu mutu kwa haki. "Hapana. Kichwa chake kiko wazi."

Stesheni ikapasuka kwa kicheko. Munaelewa. Sura ya Mukubwa wa inchi, na kofia yake ya chui na fimbo yake, ilikuwa kwenye kila ukuta na kila kitambaa, na hakuna mutu aliyekuwa na ruhusa ya kuisema.

"Na fimbo? Anashikaka fimbo?"

"Joka ana mikono mifupi, Matata. Fimbo atashika na nini?"

Watu walishika mbavu. Na mimi nilicheka. Niliziba mudomo kwa kitambaa, lakini mabega yaliniumbua. Tulimuona mutu mujanja kuliko wote, anamusema Mukubwa na uso mukavu. Yeye alikuwa anatutazama mumoja mumoja, na akaanza kutabasamu pia. Alifikiri tumefurahi kwa sababu ya joka.

Siku zilizofuata watu walikuja makusudi. Wengine hawakuwa hata na safari. Tambwe alinyoa ndevu, akavaa shati la kazi lililopigwa pasi. Miaka kumi na moja bila salamu, na sasa watu mia moja wanamusogezea nafasi. Mimi nilijua wanacheka nini. Ningeweza kumuvuta pembeni nikamuambia. Sikumuambia. Nilisema moyoni, muache afurahi kidogo. Muandike hilo pia kwenye hesabu yangu.

Na kila mara njo ilikuwa vile: akifika fasi ambapo siku moja anakuja mutu asiye na upanga, anasimama mulangoni mwa pango, anasema "hodi", palepale Matata anatupa muchango wake. "Alikuwa amevaa abakosi?" Abakosi njo lile koti la Mukubwa na watu wake, basi watu wanaanguka, hadithi inakatika. Kwa hiyo hakuna aliyesikia yule mutu alifanya nini.

Nani alipeleka maneno kwenye ofisi ya usalama, sijui, na sitamusingizia mutu. Walimuita asubuhi ya Jumatatu. Aliweka kile kitu mufukoni, akidhani wanataka kukiona.

"Sitwayeni Tambwe," mukubwa wa ofisi alisema, kwa jina lile la mwananchi tuliloitwa sote, "joka ni nani?"

"Joka ni joka."

"Anakaa peke yake kwenye nyumba kubwa."

"Pango."

"Juu ya dhahabu."

"Dhahabu si yake."

Yule akaandika hilo upesi. "Na watu hawamupendi."

"Hawamujui, mukubwa. Hakuna aliyemusalimia."

"Na weye?"

"Mimi namuhurumia."

Kalamu ikasimama. Matusi walikuwa wameyazoea. Lakini mugeuza reli, mutu wa viatu vya kamba, kumuhurumia yule waliyefikiri anamusema? Kofi lilimupata sikio la kushoto, na sikio lile halijasikia mpaka leo.

Wakamuuliza nani aliyeleta habari ya kofia. Akasema watu wengi waliuliza mambo mengi. Matata, umesikia? Mutu unayemufanya biashara leo aliziba mudomo kwa ajili yako, na damu inatoka sikioni.

Kisha wakamuletea karatasi rahisi. "Weka kidole hapa. Inasema joka ni mukoloni. Unarudi nyumbani kula."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Mukoloni alikuja kwa kupenda kwake. Joka aliwekwa."

Alikaa mule juma sita kwa sababu ya jibu lile. Angeweka kidole angetoka saa ileile. Hakutaka kusema uongo juu ya kivuli cha kwenye kioo, kwa sababu kivuli kile njo kilikaa naye. Mwisho walimuachilia kwa sababu hawakupata jina la kosa. Muchezo walibaki nao.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Alitoka, akaenda stesheni moja kwa moja, bado miguu imevimba. Watu walimuona kwa mbali, wakabeba mizigo, wakahama upande wa pili wa jengo. Pélagie aliketi juu ya kigoda kile mwenyewe, akainama kwenye moto. Walisema ametoka kwa sababu amekubali kuwa masikio ya ofisi. Masikio, mutu ambaye ofisi ilimuvunjia sikio. Mama waliwaita watoto wao ndani alipopita. Alisimama pale, akageuka, akaenda nyumbani, akafunga mulango. Miaka minne sasa. Maji yake napeleka mimi, jirani yake, na yote niliyoandika hapa alinipa yeye, kidogo kidogo, kutoka upande wa pili wa ukuta.

Na mwaka huu, mwaka wa tisini, tumeambiwa vyama ni vingi na midomo ni wazi. Njo Matata akakumbuka rafiki yake. Akaja na vijana, kitambaa kimeandikwa jina la Tambwe, wanataka kumupandisha juu ya meza sokoni, awaambie namna alivyomucheka Mukubwa. Walipiga hodi mpaka akafungua.

"Sikumucheka mutu," alisema. "Joka hakuwa yeye. Mukumbuke vizuri nilichosema."

Walipiga makofi. Walifikiri ni muzaha mwingine. Matata alishika tumbo, akasema, "Mumemusikia? Njo vile alikuwa." Nilitaka kumumwagia ndoo, na ndoo ilikuwa mukononi, lakini Tambwe alikuwa ameisha kufunga.

Nilimuuliza kupitia ukuta: yule mutu asiye na upanga, alipopiga hodi, ilikuwaje?

Akasema, "Weye ulicheka."

Ni kweli, nilicheka, na stesheni nzima ilicheka. Hakuna mutu wa karitie hii anayeweza kwenda kumuuliza.

Lakini weye unayesoma haukuwepo. Basi usije tena kwangu kunywa chai. Ijumaa, baada ya sala, nenda nyumba ya mwisho kabla ya reli, mulango wa bati. Nenda mikono mitupu, na Matata umuache sokoni. Piga hodi upande wa kulia, sikio la kushoto halisikii. Muulize joka lilifanya nini lilipopigiwa hodi. Na akikuambia, usicheke, kisha uje unieleze.