Pizza Niliyoikataza

Acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Jumamosi iliyopita, hapa Buffalo, nilisindikiza watoto wa kanisa letu kwenda kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa ski. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya kilima na kuwapokea. Tena nilikuwa nimewapikia sufuria mbili za wali na sombe, majani ya muhogo.

Bon, mwalimu wao wa ski akaanza kuwaimbisha: "Pizza! Pizza!" Watoto wakaitikia kwa furaha. Roho ikaniuma. Huyu anawaahidi pizza, sasa sombe yangu ataila nani?

Mara Neema, wa miaka sita, akashuka mbio. Mwalimu akapaza sauti, "Neema, pizza!"

Nami nikapaza zaidi: "Neema, hakuna pizza! Nimekataza!"

Mtoto ana adabu yule. Akanyoosha miguu, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, tukabingirika sote wawili.

Akainuka amejaa theluji, wazazi wote wakitutazama. "Mama Esther, pizza ni breki! Unakutanisha ncha za ski, zinakuwa kama kipande cha pizza. Mbona umenikataza kufunga breki?"